Mwaka Nilioiuzia Kwaya Maboya

Nimeacha kuuza mitumba kwa sababu ya magoti. Siku moja nilikuwa nimechuchumaa nikipanga suruali za watoto, mteja akaniuliza jambo, nikasimama kumjibu, magoti yakabaki chini. Meza yangu pale sokoni Kyela nimemwachia Atupele, jirani yangu wa miaka mingi, na ni yeye aliyenisumbua: "Baba Lusajo, andika basi, sisi tunaobaki tujue mlikuwa mnafanyaje." Nilimwambia sikuwa nafanya kitu cha ajabu, nilikuwa nauza nguo zilizochokwa na wenyewe. Lakini mtu aliyestaafu hushinda kutwa akibishana na akili yake, na yangu imenishinda. Naandika.

Kazi nilifundishwa na Mama Subilaga. Alikuwa mfupi, mpana, na alikuwa na sauti ambayo watu wa Ipyana, kijiji cha jirani, wakiisikia walijua soko la Kyela limefunguliwa. Siku ya kwanza nilifika nimevaa shati jeupe lililonyooshwa, nikidhani nitauza mashati. Akachukua kisu, akakata mikanda ya belo la nguo, zikamwagika sidiria.

"Vaa moja," akaniambia.

"Niivae wapi, mama?"

"Juu ya shati. Nguo iliyolala chini ni tambara. Nguo iliyovaliwa ni nguo."

Nikavaa. Sikuwa na mahali pa kutazama, kwa hiyo nilitazama mbele, na mbele alikuwa anakuja mjomba wangu, mzee wa kanisa, akielekea kununua mbegu. "Mugonile, mjomba," nikamwamkia. Akaitika vizuri kabisa. Akanitazama kifuani kwa utulivu, kisha akauliza kama nyumbani wanajua niko wapi. Nikasema wanajua. "Basi," akasema, akaendelea na safari yake.

"Huyo atarudi na mkewe," Mama Subilaga akasema.

Alirudi na mkewe.

Vifaa vyetu havikuwa vingi. Turubai la chini, turubai la juu, upondo wenye ndoano wa kushushia nguo zilizotundikwa, pasi ya mkaa, na kioo. Kioo chetu kilikuwa kile cha pembeni cha pikipiki. Mteja alijiona kola, halafu akajiona kiuno, halafu akainama akajiona miguu, kisha akaviunganisha mwenyewe kichwani. Wengi walijipenda zaidi kwa vipande. Mama Subilaga aliwahi kupewa kioo kikubwa na mtu aliyehama, akakitumia wiki moja, biashara ikalala, akakigeuza kuwa meza ya kuwekea soksi.

Alinifundisha pia kusoma nguo. Usianze na rangi, anza na kwapa. Kisha magoti, kisha zipu, kisha inua juu uone kama jua linapita. Shingo ya shati inakuambia mwenyewe alikuwa mtu wa haraka au wa starehe. Na ukikutana na makoti ya baridi, usiyatundike Kyela, ambako hata mjusi anatafuta kivuli. Yapandishe Tukuyu, kwenye baridi. Nimepanda Tukuyu na makoti mengi, nikashuka natetemeka, kwa sababu hata koti langu mwenyewe nilikuwa nimeliuza likiwa mwilini.

Kesi ngumu nilizikuta nyingi, lakini nawatajia moja kabla sijafika kwenye ile kubwa. Ilikuja familia iliyofiwa, inatafuta suti ya marehemu. Hatukuwa na vipimo vyake, ila mdogo wake alikuwepo na wote walikubali miili yao ilikuwa sawa. Akaijaribu suti, ikamkaa. Mama Subilaga akakataa. "Marehemu hatasimama," akasema. "Suti inayokaa vizuri kwa aliyesimama inajikunja kwa aliyelala. Lala tuone." Yule bwana akalala kwenye turubai, mikono ubavuni. Sasa alikuwa amekesha msibani siku zote zile, na pale palikuwa na kivuli. Akasinzia. Sisi tumeinama tunapima mabega, akatokea shangazi yao aliyekuwa anashuka kutoka kwenye basi, akaona mtoto wa kaka yake amelazwa chini katika suti na watu wamemzunguka. Akalia kilio kilicholifanya soko zima lisimame kwa heshima. Tulipata kazi ya kumweleza kwamba yule aliyefariki ni mwingine, na kazi kubwa zaidi ya kumfanya aache kulia, maana huyo mwingine pia alikuwa wake. Lakini suti ilikaa vizuri. Nilikwenda kwenye maziko nikaiona.

Sasa maboya.

Mitumba mnaijua, mnanunua belo mkiwa mmefumba macho. Nje pameandikwa jambo, ndani pana jambo lingine. Belo lile liliandikwa vizibao vya wanaume. Nilipokata mkanda wa kwanza, ule wa pili ukakatika wenyewe, na mzigo ukafumuka ukanisukuma nikakaa chini. Vilikuwa vizibao kweli, havina mikono, lakini vinene kama magodoro, rangi ya chungwa, na kila kimoja kilikuwa na mikanda, vibano vya plastiki na filimbi ndogo ikining'inia begani. Ni yale maboya ya kuvaa tuliyoyaona zamani kwenye meli pale bandarini Itungi. Belo zima, na yote yalifanana.

Mama Subilaga alikuwa amezeeka wakati huo, anakaa tu kwenye kigoda nyuma ya meza yangu kunisimamia. Akalitazama lile rundo muda mrefu. "Mwanangu," akasema, "umenunua meli. Ila chuma chake hawajakupa."

Nikasema si neno, ziwa tunalo. Siku ya soko nikafunga mzigo, nikaenda nao Lyulilo, ufukweni, ambako wanawake wa Kikisi hupanga vyungu vyao mchangani na wavuvi hushusha samaki. Nikajua hapa ndipo mahali pake. Wa kwanza kumfuata alikuwa Mzee Yohana, mvuvi mwenye boti la mbao, mtu anayesikilizwa na wenzake wote. Nikamwonyesha. Akaligusa boya kwa kidole kimoja, kama mtu anayepima chai.

"Mimi nimezaliwa juu ya maji haya," akasema. "Nikivaa hiki, nimeshaliambia ziwa kwamba nakuja."

"Ni kwa usalama tu, mzee."

"Na kinaitwaje?"

"Boya."

Akawageukia wenzake. "Mmesikia. Mke wangu ataulizwa, mumeo yuko wapi? Aseme, yule boya kule."

Walicheka, nami nikacheka, maana ukiuza mitumba lazima ujue kucheka na wanaokukataa. Siku ile niliuza boya moja tu, kwa mfinyanzi aliyetaka kitu laini cha kuweka kati ya vyungu visigongane. Nikarudi Kyela na mzigo wangu, na kila aliyeniona njiani aliniuliza meli imezama wapi.

Ndipo akaja Mama Bupe wa Makwale. Ni mkulima wa mpunga na kokoa, na ni kiongozi wa kwaya ya akina mama. Alikuwa na shida ambayo kila muuza mitumba anaiogopa: alitaka sare. Mitumba inaweza kukupa chochote, ila haikupi vitu viwili vinavyofanana. Kwaya yake ilikuwa imejaribu kuvaa nyeupe kutoka kwenye meza zetu, na walipojipanga mbele ya madhabahu ikaonekana wazi kwamba kuna nyeupe ya maziwa, nyeupe ya meno na nyeupe ya ugali wa jana. Sasa walikuwa wamealikwa kuimba kwenye harusi, na Mama Bupe alikuwa amezunguka soko zima tangu asubuhi. Akasimama mbele ya lile rundo la rangi ya chungwa.

"Hivi vinafanana," akasema.

"Vinafanana, mama. Lakini ni maboya."

"Sikuuliza ni nini. Nimeuliza kama vinafanana."

"Mama, jua la huku unalijua. Hivi ni vya majini."

"Hata safina ilikuwa ya majini," akasema, "na tunaihubiri nchi kavu."

Akachukua yote. Fundi cherehani wa Makwale alipotaka kutoa magodoro ya ndani ili yapungue uzito, Mama Bupe alikataa kabisa, kwa sababu yalimpa kila mwanakwaya kifua cha mtu aliyeshiba. Wakashonea lesi nyeupe shingoni na jina la kwaya mgongoni. Filimbi alizikata zote baada ya Jumapili ya kwanza, maana sauti ya tatu walizipuliza wakati wa maombi. Na kwa sababu ya joto, akina mama wale walianza kuvaa kidogo sana ndani ya vizibao. Hilo nililijua baadaye, na mtaona nililijuaje.

Harusi ilikuwa ya kijana wa Makwale aliyeoa binti wa Kikisi, katika kijiji kilicho mbele ya Lyulilo, ambako mlima unashuka moja kwa moja majini na barabara haifiki. Tukaenda kwa gari mpaka Matema. Nasema tukaenda, kwa sababu nami nilijipachika na gunia langu la nguo. Harusini mtu hugundua ghafla kwamba hana shati.

Mwenye boti la kutuvusha alikuwa Mzee Yohana. Alipoona kwaya inashuka ufukweni, akanitazama mimi.

"Kumbe ni mzigo uleule," akasema. "Sasa umeupa miguu."

Kisha akawaambia akina mama wavue. Alisema hajawahi kubeba abiria waliovaa maboya, na watu wa ufukweni wakiona watasema Yohana sasa haaminiki.

"Baba, hatukuvaa kwa ajili yako," Mama Bupe akamjibu. "Hizi ni sare."

"Nyumbani kwangu hayo ni maboya."

"Basi ukifika nyumbani kwako uyaite hivyo."

Walibishana mpaka jua likawachosha, na Mama Bupe ndiye aliyekuwa amezoea jua. Tukapanda.

Tulikuwa tumeshaipita Lyulilo, na moshi wa harusi tunauona, mwera, ule upepo mkali wa ziwani, ulipoanza. Kwanza ukatunyanyua kidogo. Akina mama, ambao maji yao ni ya jaruba la mpunga, wote wakahamia upande mmoja kwa mara moja ili kuyaona mawimbi. Mzee Yohana akapaza sauti, "Kaeni!" na boti likapinduka.

Mimi naogelea kama jembe. Nilipotoka juu nilishika kitu cha kwanza nilichokipata, na kilikuwa shingo ya boya la Mama Bupe.

"Nani huyo?" akauliza bila kugeuka.

"Ni mimi, mama. Baba Lusajo."

"Umeshika lesi."

"Samahani, mama."

"Shika chini ya lesi."

Nikashika chini ya lesi. Kote kulikuwa na vichwa na mabega ya rangi ya chungwa, vinapanda na kushuka, na mawimbi yalikuwa makubwa kiasi kwamba ukimwona mtu mara moja humwoni tena. Niliogopa. Nakumbuka niliwaza nimewauzia wanawake hawa kitu nisichojua kama bado kinafanya kazi, kimetupwa na watu wengine huko kwa sababu ambayo sikuiuliza. Hapo filimbi zingetufaa, lakini zilikuwa kwenye kopo huko Makwale.

Mama Bupe hakuweza kuwaona watu wake, kwa hiyo akawaita kwa njia aliyoizoea. "Sauti ya kwanza!" Wakaimba kwa sauti nyembamba, wengine wanakohoa maji. Alisikiliza jicho moja limefumba, kama anavyofanya kwenye mazoezi. "Sauti ya pili!" Wakaimba. "Sauti ya tatu!" Wakaimba, na yeye akalifumbua lile jicho.

"Tumpe hayupo," akasema.

Tumpe ni binti wa marehemu dada yake, aliyemlea mwenyewe. Alikuwa na sauti nzito kuliko wote, ile inayobeba wimbo chini chini. Mama Bupe akaita sauti ya tatu tena. Wakaimba tena, na hata mimi nisiye na sikio la muziki nilisikia wimbo hauna sakafu. Akaanza kumwita kwa jina. Sijapata kusikia mtu akiita hivyo, na sitaki kusikia tena.

Mzee Yohana alikuwa ameng'ang'ania juu ya tumbo la boti lililopinduka. Nikamwona ameinamisha kichwa, amelaza sikio kwenye mbao.

"Nyamazeni," akasema. Tukanyamaza. "Boti linaimba."

Tumpe alikuwa ndani. Boti lilimfunika, boya likambana juu kwenye hewa iliyobaki, na gizani mle alikuwa anaimba sehemu yake kama alivyoambiwa, ila hakuna aliyemsikia. Mzee Yohana akapiga mbizi. Akakaa, akatoka peke yake.

"Boya linamvuta juu, siwezi kumshusha apite chini ya ukingo," akasema akihema. "Lazima alivue. Hataki."

Mama Bupe akapiga ngumi kwenye mbao. "Tumpe, vua!"

Sauti ikaja kutoka ndani, nzito na ya adabu. "Mama, nimevaa shimizi tu."

"Mzee Yohana atafumba macho."

"Nikifumba macho nitavionaje vibano?" Mzee Yohana akasema.

Hewa ilikuwa inaisha, na hilo kila mmoja alilijua, Tumpe mwenyewe akiwa wa kwanza. Lakini binti aliyelelewa na Mama Bupe hawezi kutokea harusini kwa watu na shimizi. Nikatazama huku na huku, nikaona gunia langu limefunguka na nguo zangu zote zinaelea kuelekea kijijini bila mimi. Gauni moja la kijani lilikuwa linapita karibu. Nikaliinua, nikalitazama mabega kwa mazoea, likaonekana ni saizi yake. Nikampa Mzee Yohana. Akazama nalo. Akarudi.

"Anauliza kama lina mikono."

"Lina mikono," nikasema.

Akazama tena. Safari hii alikaa muda mrefu hata Mama Bupe akaniminya mkono mpaka vidole vikafa ganzi. Halafu maji yakafunguka, akatoka Mzee Yohana, na nyuma yake Tumpe, amevaa gauni la kijani, limekaa vizuri mabegani, na boya lake amelishika mkononi kwa sababu ni mali ya kwaya.

Mitumbwi ya kijijini ilikuwa imeshatukaribia. Walituokota wote. Kwaya iliimba kwenye harusi ikidondosha maji, na nguo zangu zilifika ufukweni kabla yetu. Nilizikuta zimevaliwa. Baba wa bibi harusi alinipokea kwa heshima zote akiwa ndani ya shati langu la maua, akanishukuru, "Ndaga fijo kwa kuja," nami nikamwambia limempendeza.

Kesho yake Mama Bupe alitangaza kwamba watu wa Makwale wanarudi kwa miguu kupitia kwenye miamba, na kwamba kwaya haitapanda tena chombo chochote. Vizibao wangeviacha pale kwa wavuvi, iwe shukrani. Wavuvi wakatazamana. Hakuna aliyenyoosha mkono. Mzee Yohana alikuwa amekaa kwenye ukingo wa boti lake lililokuwa limevutwa ufukweni, anatengeneza kasia ambalo halikuwa limeharibika.

"Mama, tunashukuru," akasema. "Lakini sisi maboya hatuvai."

"Nani amekupa boya?" Mama Bupe akauliza. "Hii ni sare ya kwaya. Anayeitaka lazima awe mwanakwaya. Asiyeimba siwezi kumpa."

Mzee Yohana akafikiri. Wenzake wakamtazama akifikiri. "Sauti ya tatu bado kuna nafasi?" akauliza.

Wakajiandikisha wote. Toka hapo wavuvi wa ufukwe ule walikwenda kazini wamevaa rangi ya chungwa na lesi shingoni, na mtu akiwacheka walimjibu kwamba wao wako kwenye kwaya. Tatizo lilikuwa mchungaji wao, ambaye aliwaamini, akawaweka kwenye ratiba ya Jumapili. Nilikwenda kuwasikiliza, maana niliona nahusika. Walisimama mbele wamefunga vibano vyote, jasho linawatoka, na wimbo pekee waliokuwa wanaujua wote ni ule wa kuvuta nyavu. Wakauimba. Kufika ubeti wa pili kanisa zima lilikuwa limesimama linavuta kwa mikono miwili, wazee kwa watoto, na mchungaji akasahau kuwaambia wakae. Mama Bupe, aliyekuja kwa miguu kuwakagua, alisema sauti ya kwanza ni mbovu lakini wanaelewa maana ya kuanza pamoja.

Msimu uliofuata mwera ulimkuta Mzee Yohana peke yake mbali na nchi. Boti lake lilionekana ufukweni bila mtu, na mkewe alikwishaanza kupokea wageni kimyakimya. Walimkuta mchana anaelea karibu na Lyulilo, midomo imepasuka, anaimba polepole sehemu yake. Walipomvuta ndani ya mtumbwi, neno la kwanza alilosema lilikuwa wampelekee mchungaji taarifa kwamba leo mazoezini atachelewa kidogo.